Mama Mkwe na Laini ya Tatu

Kwao mke wangu, Bumula, mimi ndiye mkwe aliyetaka kumkata mama mkwe kwa msumeno wa umeme. Hivyo ndivyo wanavyonitambulisha kwa wageni, wakicheka, nami hucheka nao kwa sababu mkwe hana pengine pa kuuweka uso. Jina hilo nimelibeba miaka sita. Nilitoa kondoo kwa ajili ya kosa hilo. Niseme ukweli, nilimnunua mimi, wakamchinja wao, wakamla wao. Kabla sijamsimulia huyo mama, na nina mengi ya kusimulia, mengi yakiwa mazuri, nataka ijulikane kwamba lile kosa halikuwa langu peke yangu. Nikifa kabla mtu wa kwao hajalikubali hilo hadharani, nitakufa nimenuna.

Sitamtaja jina. Mkwe hataji jina la mama mkwe wake, na hata ningetaka, mdomo umeshazoea kuliruka. Sisi tuliotoka mkoa wa Kati tukaja kulima Trans-Nzoia nasi tunamheshimu mama mkwe, lakini kwetu ni adabu tu. Kwao Wabukusu ni sheria. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, hamwangaliani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi. Akitaka kukuambia jambo, analiambia kitu kingine nawe unasikia.

"Wewe kuku," alisema mara ya kwanza nilipomsikia akinizungumzia, miye nikiwa uani kwao na yeye jikoni, "hebu ambia huyo mtu wa Kitale atoe kiti kwa jua. Atapata kichwa kuuma."

Kuku aliendelea kudonoa. Nilihamisha kiti.

Kazi yake ilikuwa kufunga upya nyaya za mota zilizoungua. Aliifanya miaka mingi katika karakana ya kiwanda, mwanamke peke yake kati ya wanaume, na alipoiacha alirudi Bumula na vifaa vyake ndani ya kikapu cha sokoni, juu yake ametandaza sukuma wiki ili wezi wasijue. Watu walimletea mota hata kutoka Cheptais, zimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Hakugusa bisibisi kabla ya kunusa. Aliinama, akavuta pumzi, akanyamaza, kisha akatoa hukumu.

"Hii iliungua polepole. Mwenyewe alikuwa anaona na alinyamaza."

Mwenye mota aliangalia viatu vyake. Mke wangu anasema alipokuwa mtoto aliwaona wanaume wazima wakitoa machozi mbele ya mota, kwa kuwa mama alikuwa ameshawasema kabla hawajafungua mdomo.

Mizunguko ya waya aliihesabu kwa Kibukusu, kwa sauti, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza. Siku moja alikuja mjumbe kutoka kwa ndugu zake. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Mama alimwona, akamsoma uso, akajua. Aliinua kidole kimoja kumwambia angoje. Akaendelea kuhesabu mpaka mwisho wa koili, akaifunga, akakata waya, akaulaza chini taratibu. Ndipo akapiga nduru kwa ajili ya kaka yake. Mke wangu alikuwa darasa la saba wakati huo, na anasema hajawahi kuogopa kitu kama alivyokiogopa kile kidole.

"Lakini kwa nini asiache?" nilimwuliza.

"Angeacha, hesabu ingepotea, na mota ya mtu iungue tena. Mjomba alikuwa ameshakufa."

Alikuwa hivyo. Ukimfikiria kwa muda unapata baridi mgongoni, halafu unatamani ndiye afunge mota yako.

Stima aliiheshimu kuliko alivyowaheshimu wazee wa ukoo. Binti zake hawakuruhusiwa kuchaji simu kitandani wala kupiga pasi bila viatu. Mvua ikianza kunyesha upande wa mlima, yeye alikuwa ameshachomoa televisheni na jokofu na anazunguka nyumba akikagua. Lakini huyohuyo nilimwona kwa macho yangu, kupitia ufa wa mlango, akiupima waya kwa nyuma ya kiganja, mkono mwingine ameuficha mgongoni, amesimama juu ya ubao mkavu. Nyuma ya kiganja, kwa sababu misuli ikishtuka mkono hujikunja mbali na waya badala ya kuukamata. Usijaribu. Mafundi wawili wa Bungoma waliojifunza kwake walijaribu, na mmoja wao mpaka leo vidole viwili havimsikii.

"Stima haina mkwe," alizoea kusema. Maana yake ilikuwa kwamba stima haikupishi njiani.

Sasa niseme jinsi mimi na yeye tulivyoingia kwenye kazi moja, jambo ambalo kwa sheria zao halikufaa kuwepo.

Mimi ni seremala, nina karakana Kitale. Bega langu la kulia liliharibiwa na randa ya mkono. Daktari aliniambia nichague: niache kuranda, au nijifunze kula kwa mkono wa kushoto. Nikauza ng'ombe wawili na kila kilichouzika, nikanunua mashine mbili kutoka chuo kimoja cha ufundi huko Tongaren kilichokuwa kinafungwa: msumeno wa meza na randa ya mashine. Zilikuwa mashine nzuri, chuma kizito cha zamani. Nilizipakua, nikazipangusa, nikaita fundi wa stima aziunganishe. Akacheka.

"Hizi ni za laini tatu, bana. Wewe uko na laini moja. Hapa utaweka tu vitambaa na maua."

Nikaenda ofisi ya stima kuomba laini tatu, ile stima ya viwandani inayokuja kwa nyaya tatu. Nikaambiwa mtaa wetu uko mbali na laini hiyo, ningoje. Ningoje nini, bega lipone au nguzo ziote? Mashine zilikaa miezi miwili zimefunikwa turubai. Kila asubuhi nilifungua karakana, nikaziangalia, nikafunga. Wateja walianza kwenda kwa wengine. Nilikuwa mkali nyumbani, nakiri. Jioni moja mke wangu aliweka sahani chini kwa kishindo.

"Mamangu anaweza kutengeneza hiyo laini ya tatu."

"Atatengenezaje na mimi nimo humo?"

"Mtapishana."

Kitu alichokuja kutengeneza alikiita Mzazi. Ni mota kuukuu ya laini tatu, kubwa kuliko za mashine zenyewe, isiyofanya kazi yoyote ila kuzunguka. Unailisha stima ya laini moja. Peke yake haiwezi kuanza. Itanguruma mpaka iungue. Basi unaizungushia kamba kwenye puli, gurudumu lake la mkanda, unavuta kwa nguvu mpaka izunguke, halafu unawasha. Ikishashika mwendo, inaizaa ile laini iliyopungua, na mashine zako zinakula hapo. Jambo moja tu la kukumbuka: upande utakaoizungusha kwa kamba ndio upande itakaoendelea nao. Na mashine zote zitamfuata Mzazi. Akienda kinyume, nazo zinakwenda kinyume.

Alikuja na kikapu chake. Kwangu hakulala, sheria hairuhusu. Alilala kwa rafiki wa mke wangu, mtaa wa pili. Karakana ina milango miwili, nasi tukagawana: wa mbele wangu, wa nyuma wake. Mzazi tulimweka juu ya benchi kwenye ukuta wa nyuma, puli ikiangalia ndani ya karakana, mgongo wake ukiangalia dirisha. Mama alifanya kazi yake mimi nikiwa nje barabarani, nimekaa juu ya mbao kama mtu aliyefukuzwa kwake. Akimaliza, aligonga nguzo mara mbili kwa spana na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mimi nikaingia, nikafanya yaliyohitaji nguvu za mwanamume mwenye bega moja, nikagonga, nikatoka. Yeye alikaa nje kwenye stuli chini ya dirisha la nyuma, mgongo kwa ukuta, akisikiliza. Kwa kuwa alisikiliza, sikuweza hata kutukana msumari.

Siku mbili za kwanza mke wangu alibeba maneno. Siku ya pili saa nne niliingia kabla ya kugongwa. Nilidhani nimesikia spana. Nikamkuta ameinama, mgongo wazi kwangu, mikono yake ikiwa ndani ya nyaya. Alinisikia. Hakugeuka. Mimi nami sikusogea, kwa kuwa mikono yake ilikuwa pale ambapo mtu akishtuka vibaya anazikwa. Tulisimama hivyo, nikisikia pumzi zake na zangu. Polepole alitoa mkono mmoja, halafu wa pili, akageuza uso ukutani na kubaki hivyo mpaka nikarudi kinyumenyume hadi barabarani.

"Wewe dirisha," nikamsikia baadaye, "ambia watu wangoje kugongewa. Hii si choo."

Alikuwa na vikopo vyake, kapasita, vya kumsaidia Mzazi kugawa nguvu sawasawa. Vikopo hivyo ni hatari. Hukaa na stima tumboni hata ukishazima kila kitu. Kabla ya kutoka alivigusanisha miguu kwa bisibisi yenye mpini wa mpira, kikatoka kishindo na cheche, naye akakiambia kikopo, "Pole." Kila kikopo, pole. Nilikuwa nasikia nje: kishindo, pole, kishindo, pole. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Sijui kwa nini mimi sikucheka. Nadhani nilikuwa nimeanza kumpenda yule mama, na nilikuwa naogopa atafia ndani ya karakana yangu.

Siku ya tatu shule zilikuwa zinafunguliwa, na mke wangu anauza sare. Alifungua duka alfajiri akatuacha. Tukabaki na kipande cha plaiwudi na chaki. Mama akitaka kuniambia kitu, alikiandika nje kwenye stuli yake, akakiingiza na kukiegemeza kwenye benchi, akagonga. Maandishi yake yalikuwa makubwa, ya mtu aliyeandikia wanaume wasiopenda kusoma.

Saa nane mchana aligonga. Niliingia. Kwenye plaiwudi ameandika: ZIMA MASHINE ZOTE KWANZA. Chini yake amechora duara lenye mshale. Hakuandika neno lingine. Nilielewa kwamba ndio upande wa kumzungusha Mzazi. Nilisimama mbele ya puli, nikautazama mshale, nikazungusha kamba kufuata mshale.

Randa niliizima. Swichi ya msumeno sikuiangalia. Asubuhi nilikuwa nimeichezea, nikidhani nimeirudisha. Sikuirudisha. Hili, mpaka mwezi uliopita, sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu, na nikiliandika hapa mkono unakuwa mzito.

Nilivuta kamba kwa mkono wa kushoto, mara moja, mara mbili. Ya tatu Mzazi alizunguka vizuri. Nikawasha. Akanguruma, halafu mngurumo ukanyooka, ukawa sauti moja safi, na kwa muda wa pumzi moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kitale. Kisha nyuma yangu msumeno ukaamka.

Nilipogeuka, meno ya bledi yalikuwa yanakimbia kinyume. Nati inayoshika bledi imetengenezwa ijikaze bledi ikienda mbele. Ikienda kinyume, inajifungua. Niliiona ikijifungua. Nilipiga hatua moja kuelekea swichi, bledi ikaacha mhimili wake, ikagonga meza, ikaruka. Ilipita chini ya dirisha, ikachana mabati kama karatasi, ikatokea nje mahali alipokaa yeye.

Halafu nikasikia maji yakimwagika.

Sikumbuki nilivyozima. Nakumbuka kwamba nilitoka kwa mlango wa nyuma, mlango wake, bila kugonga, bila kufikiria sheria wala ukoo. Stuli ilikuwa imelala. Jerikeni la maji lililokuwa kando yake limegawanyika vipande viwili, na bledi imekwama kwenye nguzo ya ua, bado inatetemeka. Yeye alikuwa amesimama, amelowa kuanzia kiunoni, mzima. Tuliangaliana usoni. Hiyo ndiyo mara pekee katika maisha yetu. Alikuwa na macho madogo ya hudhurungi, na yalikuwa yanauliza swali lilelile lililokuwa langu: nani amefanya hivi? Kisha alijifunika kichwa kwa leso, akageuka, akashika njia ya kwenda mtaa wa pili akiwa amelowa vilevile. Magari yalimpigia honi. Hakugeuka.

Kikao kilifanyika kwao baada ya wiki moja. Mimi nilikaa sebuleni na wazee. Yeye alikuwa jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Baba mdogo, ndugu ya marehemu baba mkwe, ndiye aliyeongoza.

"Mkwe wetu, sisi hatusemi ati ulitaka," alisema kwa upole. "Lakini bledi imetoka kwa mkono wako. Na uliona mama yako uso kwa uso. Hayo ni mambo mawili."

Nilisema nilifuata mshale.

Wote tuliutazama ule mlango. Kutoka jikoni sauti ikaja, ya chini, ikiambia sufuria au jiko, sijui.

"Mshale ulikuwa sawa."

Basi. Nikaambiwa nilete kondoo wa kutakasa. Nilimleta. Nilirudi Kitale nimevimba kwa hasira. Nilijua nimefuata mshale. Hata ule mvuto wa kamba bado ulikuwa kwenye mkono wangu. Niliingia karakana, plaiwudi ikiwa palepale, chaki haijafutika. Nikatoka nje, nikasimamisha stuli yake, nikakaa alipokaa, nikageuka na kumwangalia Mzazi kupitia dirishani.

Kutoka pale unamwona Mzazi kwa mgongo. Na kutoka kwa mgongo, mshale ulikuwa sawa kabisa. Ni sawa na saa ya ukutani: ukiweza kuitazama kwa nyuma, mikono yake inakwenda kinyume. Yeye alichora akiwa hapo kwenye stuli, alivyoona yeye. Mimi nilisoma nilivyoona mimi. Watu wengine wowote wawili wangesimama pamoja mbele ya mota ile, mmoja angeonyesha kwa kidole, na jambo lingeishia hapo. Sisi hatukuweza kusimama upande mmoja.

Nilimkimbilia mke wangu dukani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikunja sweta za shule.

"Sasa unataka nifanye nini? Niende niambie baba mdogo ati mamangu hajui mota? Akiwa na hiyo miaka yote?"

"Nataka waambiwe ukweli."

"Meza," alisema. "Si umeoa? Meza."

Nikameza. Na kwa sababu ya ile swichi, ambayo sikumwambia, nilimeza bila kelele nyingi. Kesho yake nilizungusha kamba upande wa pili, nikaangalia swichi zote mara tatu, nikavuta. Mzazi alishika, msumeno ukaenda mbele, randa ikaimba. Tangu siku ile sijalala bila kazi. Nimetengeneza madawati, milango, kabati, na majeneza ambayo sikutaka kuyatengeneza. Bega limepona kiasi cha kubeba mtoto. Vyote hivyo ametupa yeye, na kila nikila nakumbuka, na kila nikikumbuka nakasirika tena kidogo. Ni vigumu kumshukuru mtu anayekuachia lawama.

Yeye hakukanyaga Kitale tena. Lakini kila Jumamosi alimpigia mke wangu simu na kumwambia ashikilie simu karibu na Mzazi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha: "Beringi ya nyuma inalia. Grisi." Au: "Kikopo kimoja kimechoka." Hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nabadilisha beringi huku nikijiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kusikia beringi kutoka Bumula na asiweze kutamka maneno mawili, nilikosea mimi.

Mwezi uliopita tulikwenda kumwona. Mtoto wa jicho amemshika macho yote mawili. Anatofautisha mwanga na kivuli tu, anangoja zamu ya kupasuliwa. Mke wangu aliingia jikoni kupika chai. Mimi, nikitafuta pa kukaa mbali naye kama inavyotakiwa, nilizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye kibanda cha kinu cha kusaga mahindi. Kinu kilikuwa kimesimama tangu Jumatatu, wakimngoja fundi kutoka mjini. Mkono uliniwasha. Nilikuwa nimeshatoa mkanda na kuinama juu ya mota niliposikia fimbo ikigonga ardhi, halafu kizingiti.

Kibanda kile kina mlango mmoja, na alikuwa ameujaza. Nilibana mgongo kwenye ukuta. Sikuwa na mahindi ya kuingia.

"Ni fundi?" aliuliza.

Ningenyamaza, angejua kuna mtu anayejificha. Ningesema ni mimi, angeaibika mpaka kaburini. Nilikohoa.

"Ndio, mama."

"Umechelewa. Tumekungoja."

"Barabara, mama."

"Mkanda umetoa?"

"Nimetoa."

"Vizuri. Wengi hawatoi." Alipapasa kwa fimbo, akapata gunia, akakaa. Kulikuwa na hatua mbili tu kati yetu. Nilikuwa naogopa kuhema. "Ukirudisha waya, angalia inazunguka wapi. Ukiangalia kwa nyuma inaenda hivi." Alichora duara hewani kwa kidole. "Ukiangalia kwa mbele, inaenda vile. Watu wanasahau hiyo. Mimi nilisahau."

Niliushika ule mkanda kwa mikono miwili.

"Nilikuwa na kazi ya mkwe wangu huko Kitale," aliendelea. "Nikachora mshale nikiwa upande wangu. Yeye akasoma akiwa upande wake. Bledi ikatoka. Wakasema ni yeye."

"Na wewe ulisema nini, mama?"

"Nilisema mshale ulikuwa sawa."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua kabla nguo hazijakauka." Alisugua magoti. "Fundi, wewe ni mwanamume. Ukikosea leo, kesho bado unaitwa fundi. Mimi nikikosea mara moja, watasema si tulijua, ni mwanamke. Nani angeniletea mota tena? Nilikuwa na watoto wa marehemu dada yangu wanasoma. Nikamwachia hiyo mzigo. Na yule kijana akanyamaza. Angenitukana ningepona. Kunyamaza kwake ndio imeninyima usingizi."

Kwa miaka sita nilikuwa nimeyapanga maneno ya siku hii. Nilikuwa nayo makali na nilikuwa nayo ya hekima. Yote yalinitoka, nikabaki na moja tu, lile nililokuwa nimelificha.

"Labda huyo mkwe naye," nilisema, "aliacha swichi ya msumeno imewashwa, mama."

Nje, upande wa jikoni, sufuria ilianguka na mke wangu akaikaripia.

"Aliacha," alisema. "Nilisikia msumeno ukiamka. Kwa kikao sikusema."

Machozi yalinitoka, na nilishukuru kwamba haoni. Aliinuka, akautafuta mlango kwa fimbo, akasimama kizingitini akiwa amenipa mgongo.

"Ukimaliza hapo, pitia jikoni," alisema. "Ambia bibi yako chai yangu asiweke sukari. Daktari amekataza."

Nilingoja mpaka fimbo yake ikaacha kusikika, kisha nikaenda kumwambia mke wangu kuhusu sukari.